Mwaka Nilipomtoza Marehemu Maji ya Kuogea

Nyie vijana mnaoshika hesabu za maji, naambiwa siku hizi taarifa ya mwaka mnaifunga kwa kubonyeza kitufe, halafu mnalalamika kwamba kitufe kizito. Mie siwacheki. Nilianza kazi hiyo miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, kijana mwembamba mwenye penseli sikioni na tumbo lisilotulia, na sijaona mwaka ambao taarifa ilipita bila kunikimbiza chooni. Kama nanyi inawakimbiza, basi sisi ni ndugu.

Ugonjwa wangu ulikuwa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Tone moja la wino likidondoka kwenye nakala safi, naandika upya ukurasa mzima. Nikimaliza, naona herufi moja imeinama kuliko nyingine, naandika upya tena. Mjomba wangu, niliyekaa kwake Temeke, alikuwa akiniambia, "Wewe ukioa, mkeo atakunywa uji wa jana, maana wa leo utakuwa bado unaupima."

Hesabu zenyewe sikufundishwa na mtu. Nilitoka kwetu Unyamwezini nikiwa na kusoma na kuandika tu, vya shule ya misheni. Karibu na nyumba ya mjomba palikuwa na duka la Mhindi aliyenunua makaratasi makuukuu ya maofisini akayafanya ya kufungia karanga. Mie nilinunua karanga kwa ajili ya makaratasi. Leo napata ukurasa wa mapato, kesho nusu ya matumizi, keshokutwa orodha ya madeni yenye doa la mafuta. Nakula huku nasoma. Kuna taarifa moja ambayo ukurasa wake wa mwisho sikuupata kabisa, na mpaka leo sijui kama mwaka ule walipata faida. Inaniuma bado.

Basi nikaajiriwa ukarani katika ofisi ndogo iliyosimamia maji ya vitongoji vya nje ya mji. Tulikuwa na vibanda vya bomba, kila kimoja na mita yake na mtu wa kushika ufunguo, na watu walikuja kununua maji kwa debe, kwa senti. Juu yangu walikuwapo wawili. Wa kwanza ni karani mkuu, Bwana Pinto, Mgoa mfupi aliyevaa tai hata siku ambazo mende walikuwa wanatafuta kivuli. Wa pili ni Mzungu wetu. Jina lake tulimwachia mwenyewe. Sie tulimwita Bwana Mbona, kwa sababu Kiswahili chake chote kilianzia hapo. Mbona chai baridi. Mbona wewe nachelewa. Mbona hii mvua.

Mwisho wa mwaka ofisi kubwa ilitaka taarifa. Fomu ilikuwa imepigwa chapa tayari. Unaandika maji yaliyopita kwenye mita, fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha unaeleza maji yote yamekwenda wapi. Na majibu yaliyokubaliwa yalikuwa manne tu, kila moja na mstari wake: yaliyouzwa, yaliyovuja, ya kusafishia mabomba, ya zimamoto. Maji yaliyokwenda mahali pa tano hayakuruhusiwa kuwapo.

Siku zangu za kwanza Bwana Pinto aliniita mezani kwake, akaweka mbele yangu taarifa ya mwaka uliopita.

"Kijana, unajua taarifa ya mwaka inaandikwaje?"

"Kwa uangalifu, bwana."

"Haiandikwi. Inanakiliwa."

Akanisimulia habari ya baiskeli. Zamani, kabla yangu, karani mmoja aliuza baiskeli mbovu ya ofisi, akaingiza fedha kwa uaminifu kwenye mstari aliouongeza kwa mkono: mauzo ya baiskeli. Mwaka uliofuata ofisi kubwa ikaweka taarifa mbili kandokando, ikauliza kwa barua: mbona mauzo ya baiskeli yameshuka? Bwana Pinto akajibu kwamba baiskeli ilikuwa moja. Mwaka uliofuata wakauliza tena, na wakashauri tufanye bidii zaidi. "Mpaka leo nawajibu," akasema. "Kwa hiyo shika hili. Mstari ukiingia mara moja, umeingia. Ukiwa na fedha, kila mwaka watautaka na fedha. Ukiwa mtupu, kila mwaka utakuwa mtupu na hakuna atakayeuliza. Fikiri kabla hujaongeza mstari."

Nikaitika kwa kichwa kama niliyeelewa. Kumbe nilisikia tu.

Nawapeni na ujuzi mwingine kidogo, usiwapite. Debe lenye bonde ubavuni linabeba pungufu, na mnunuzi analijua bonde la debe lako kuliko wewe. Halafu mita haijui tofauti ya maji na upepo. Maji yakikatika halafu yakarudi, upepo ndio unaotangulia kwenye bomba, na ile mishale inazunguka kwa furaha ikiuhesabu upepo kama maji. Kwa hiyo maji yakirudi, mwambie mshika bomba afungue taratibu. Mwaka wangu wa kwanza niliwauzia watu wa Keko upepo mwingi sana, kwenye karatasi.

Lakini bomba la mwisho la Temeke halikuwa na upepo wala debe bovu. Nililikagua mwenyewe, kiungo kwa kiungo, nimelala kifudifudi kwenye tope na suruali yangu ya ofisi. Halikuvuja. Hata hivyo kila mwaka mita yake ilionyesha maji mengi kuliko yaliyouzwa, na makarani wa kabla yangu walikuwa wakitupia tofauti hiyo kwenye mstari wa yaliyovuja. Mwaka ule Bwana Mbona akashtuka: "Mbona hii bomba nakojoa kila siku? Kama navuja, sisi nafunga." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nieleze maji yamekwenda wapi, la sivyo bomba lifungwe na watu wa kule wakachote Mtoni.

Mshika bomba alikuwa Bi Zaina, mjane wa Kizaramo, mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Mumewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika ufunguo ule, na alipofariki wazee wa mtaa wakamwachia yeye. Mie nilikuwa Mnyamwezi, yeye Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Nyie wa siku hizi utani mnaujua kwa jina tu. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kuku wako na kukucheka hadharani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Na msibani ndiko anakotakiwa hasa, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuwachekesha wafiwa.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo umebeba nini?"

"Nimebeba hesabu."

"Zitue basi, zitakuvunja shingo. Kichwa chenyewe ndio mali pekee mliyokuja nayo pwani."

Nikamweleza habari ya tofauti ya mita. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza jua linalala kwa nani.

"Hayo maji ya misiba," akasema. "Mtu akifa hapa, watu wanakuja kuchota. Ya kumwoshea, ya kupikia, ya kunawa. Wewe ulitaka niwaulize senti?"

"Sasa mbona huandiki?"

"Niandike nini? Maiti anachukua risiti?"

Hapo mtu mwenye akili zake angeshukuru, akaenda kwa Bwana Pinto, wakatafuta la kufanya. Mie akili zangu zilikuwa zimejaa karanga. Nikajiambia kwamba maneno ya Bi Zaina ni maneno, taarifa inataka kipimo. Nitakwenda msibani mwenyewe, nitahesabu debe kwa macho yangu, halafu nitajua kila msiba unakunywa kiasi gani.

Haikuchukua siku nyingi. Akafariki mzee mmoja fundi wa makuti, mtaa wa nyuma ya kibanda. Nikaenda asubuhi, nimevaa shati jeupe, karatasi kwenye ubao, kitabu cha risiti kwapani kwa sababu karani hatoki ofisini bila kitabu cha risiti. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi, wanyonge, kimya. Nikatoa salamu na pole, kisha nikachutama mbele ya wazee, nikauliza kwa adabu yangu yote:

"Samahanini wazee wangu. Marehemu ametumia debe ngapi kuoga?"

Jogoo akawika mahali. Nikadhani hawakusikia.

"Nauliza, ya kuoga debe ngapi, na ya kupikia debe ngapi. Nataka kuyatenganisha."

Mzee mmoja akaweka tasbihi chini. "Kijana, wewe kabila gani?"

Kabla sijajibu, sauti ya Bi Zaina ikatoka upande wa wanawake: "Mnyamwezi huyo!"

Ndugu zangu, majamvi yote yakaangua kicheko. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa tangu usiku wakashika mbavu. "Mtani!" "Kumbe mtani huyu!" "Amekuja na ubao kabisa!" Walikwisha kuona watani wanaolala njiani jeneza lisipite, watani wanaovaa nguo za marehemu na kuigiza anavyotembea, lakini mtani aliyekuja kumtoza marehemu maji ya kuogea walikuwa hawajamwona.

Nikasimama. "Jamani, mie sitanii. Nimetumwa na ofisi."

Wakazidi. "Mtazameni, hata hacheki!" akasema mmoja akifuta machozi. "Anajua kazi huyu!"

Mjane wa marehemu aliletwa mpaka mlangoni kunitazama. Kibibi kidogo, macho mekundu. Akaniuliza, "Unamwandika mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika debe nyingi. Alikuwa akipenda sana kuoga." Akacheka kidogo, kisha akalia, kisha vyote viwili pamoja, na wanawake wakamkumbatia. Nami, Mungu anisamehe, niliandika pale ubaoni: alipenda sana kuoga.

Kisha wakafanya kama desturi inavyotaka. Mtani akizidi, hulipwa ili aondoke. Wakachangishana, wakanitilia shilingi kadhaa mkononi. "Haya mtani, chukua, utuachie maiti wetu." Na mimi nikafungua kitabu cha risiti, nikaandika kwa mwandiko safi, nikachana, nikawakabidhi.

Waliobaki wazima pale walianguka. Risiti ilipita mkono kwa mkono mpaka jikoni. Naambiwa familia ile iliitunza miaka.

Sasa nyie mnaojua kazi mmeshaona shimo. Risiti ina namba na kopi yake imebaki kitabuni. Kopi ikiwapo, fedha lazima iingizwe, na ikiingizwa lazima iwe na mstari. Nilirudi ofisini nikakaa na kopi ile kama mtu aliyemeza mfupa. Kufuta risiti kulihitaji maelezo, na kitabu changu hakikuwa na risiti iliyofutwa hata moja. Nilijivunia hilo kuliko shati langu. Basi nikaingiza. Nikaongeza mstari kwa mkono kwenye taarifa: malipo ya maji ya misiba.

Bwana Mbona alipoiona, uso wake ukanawiri kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ah! Hii mzuri. Mbona hii kidogo? Watu nakufa kila wiki. Mwaka kesho sisi naweka bei. Kila msiba, nalipa."

Nikageuka kumtazama Bwana Pinto. Alikuwa ananitazama juu ya miwani, na midomo yake ikaunda neno moja bila sauti: baiskeli.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mstari ukishafika ofisi kubwa na fedha ndani yake, kila mwaka watautaka na fedha, na zaidi. Hata Bwana Mbona akiondoka, hata mie nikifa, atakaa karani mwingine pale na kunakili. Na Bi Zaina ndiye atakayesimama kwenye kibanda kuwadai waliofiwa. Taarifa ilikuwa iondoke Jumatatu.

Nilipofika Temeke habari zilikuwa zimenitangulia, kwa sababu tarishi wetu alikaa kule. Bi Zaina alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, bwana karani."

Bwana karani! Hakuniita mpagazi, hakuniuliza nimebeba nini. Nawaambieni, kutukanwa na mtani hakuumi. Kinachoumiza ni mtani anayekuheshimu.

"Leo sikutanii," akasema. "Mume wangu aliogeshwa kwa maji ya bomba hili hili, na mtu hakuniuliza hata senti. Sasa wewe ndiye wa kuja kunifanya mie nimuulize mwenzangu? Sikiliza. Bei ikija, ufunguo huu hapa." Akautoa kwenye pindo la khanga, akauweka kwenye ngazi kati yetu. "Atafutwe mwingine mwenye moyo."

"Bi Zaina, mie nilikuwa nataka tu hesabu ikae sawa."

"Imekaa sawa?"

Nikaondoka, ufunguo ukiwa bado pale kwenye ngazi.

Njia ya kuutoa mstari ule ilikuwa moja: kufuta risiti na kueleza kwamba fedha ile haikuwa ya maji, nilipewa mimi. Na karani aliyekiri kupokea fedha kwa watu akiwa kazini alijua mlango uko wapi. Jumamosi asubuhi nikaingia kwa Bwana Mbona, kopi ya risiti mkononi. Nikamwambia fedha ni yangu.

"Mbona yako?"

"Nimepewa kwa utani, bwana."

Kumweleza Mzungu utani ni kazi. Nikamwambia kuna makabila ambayo ni ruhusa kuchekana, hata msibani. Akakunja uso.

"Nyinyi nacheka maiti?"

"Tunawachekesha waliobaki, bwana. Wasipocheka kidogo, watalia mpaka waugue."

Akatazama dirishani. "Na wewe nafanya nini, kuchekesha?"

"Nimeuliza marehemu ameoga debe ngapi."

Naapa nilimwona akiuma mdomo. Akageuza kiti chake kidogo, mabega yakatikisika, kisha akanirudia na uso wake wa kazi. "Na maji? Maji nakwenda wapi?"

"Msibani, bwana. Bila malipo. Bomba halivuji. Naomba tuandike hivyo hivyo."

"Fomu hakuna mstari."

Ndipo Bwana Pinto aliyekuwa mlangoni akakohoa. "Bwana, mstari mtupu haujawahi kuulizwa na ofisi kubwa. Mstari wa fedha ndio unaoulizwa." Akarekebisha tai. "Mimi bado nawajibu ya baiskeli."

Bwana Mbona akatutazama sote wawili. Nadhani aliiona mbele yake miaka ya barua zikiuliza kwa nini misiba imepungua Temeke.

"Andika," akasema. "Lakini wewe nafanya mzaha saa ya kazi. Nakata nusu siku."

Ile nusu siku niliiandika mwenyewe kwenye fungu la mishahara, kwa mwandiko mzuri kuliko wote katika taarifa ile. Kisha nikaandika FUTWA juu ya risiti yangu, kwa mara ya kwanza maishani, na herufi ya mwisho ikainama. Sikuandika upya. Chini ya mistari minne ya chapa nikaongeza wa tano: maji ya misiba, bila malipo. Bwana Pinto akaweka karatasi ya kukaushia wino juu yake, akaikandamiza kwa kiganja. "Ikipita mwaka huu," akasema, "imepita."

Ilipita. Ofisi kubwa haikuuliza kitu. Mwaka uliofuata nikanakili. Miaka ikaenda, Bwana Mbona akarudi kwao, Bwana Pinto akastaafu na kuniachia barua za baiskeli, na siku moja fomu mpya zikaja kutoka kwa mpiga chapa zikiwa na mistari mitano. Walikuwa wameunakili. Nikachukua moja mbio mpaka Temeke.

Bi Zaina aliisoma polepole, kidole juu ya mstari. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la khanga, alikourudisha tangu Jumatatu ile taarifa ilipoondoka bila bei.

"Mpagazi," akasema, "kumbe siku moja ulibeba kitu cha maana."

Yeye tulimzika baada ya uhuru, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeshaota mvi. Nilikwenda asubuhi, shati jeupe, penseli sikioni, na ubao wangu. Wanawe walikuwa kwenye majamvi, vichwa chini. Nikachutama mbele yao, nikakohoa.

"Samahanini," nikasema. "Marehemu ametumia debe ngapi kuoga?"

Binti yake mkubwa akainua uso, akanitambua, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Wakachangishana. Wakanitilia fedha mkononi, nimwache mama yao aende.

Nilizitia mfukoni. Sikuandika risiti, na mpaka leo hazimo katika hesabu yoyote.